Litowa: Shule ya Wakulima wa Songea
Ukitaja shule Peramiho, wengi huanza na misheni. Wabenediktini walifika mwaka 1898, misheni yao ikachomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. Lakini katika wilaya hiyohiyo ya Songea ilizaliwa shule nyingine, iliyoanzishwa na wakulima wenyewe. Imepita takriban miaka sitini, na kamati za shule zinazohangaikia viwanja vya michezo leo zina sababu ya kuikumbuka.

Kijiji cha Litowa kilianzishwa mwaka 1960 na vijana wa TANU Youth League wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Njaa ikawatimua, wakarudi tena. Kutoka hapo kikakua Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichokuja kuunganisha vijiji zaidi ya kumi. Shule ya Litowa ilipokea watoto wa vijiji hivyo, mwalimu mkuu akiwa Suleman Toroka. Walimu waliishi kama wanakijiji wengine, jembe mkononi. Watoto walisoma, wakalima na kushiriki mambo ya kijiji chao, kwa kuwa walitarajiwa kubaki na kukiendeleza.

Nje ya darasa ndiko shule hii ilikokuwa kubwa. Kijiji kilikuwa pia na mahali pa kulelea watoto wadogo, wakilishwa na kuangaliwa wakati mama zao wako shambani. Hapo naona jambo zito. Msimu wa palizi mama hana mikono ya ziada. Mtoto hucheza kwa amani pale tu ambapo kuna mtu mzima aliyepewa kazi ya kumtazama. Kiwanja kizuri huanza na uamuzi wa namna hiyo, kabla ya bembea na magoli.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na wengi walioandika historia hiyo wanaiona Litowa ndani yake. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Mashine zikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Inauma kwamba kazi ya mikono ya watu ilikatizwa kwa uamuzi wa kikao kimoja cha mbali.

Baadaye lilikuja Azimio la Musoma la 1974 na elimu ya msingi kwa wote, ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 2001, na Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi sekondari. Kila mara watoto wamefurika, na darasa jipya linapotafutiwa nafasi, macho huenda kwenye uwanja. Wanaobanwa kwanza ni wasichana wa rede na wadogo wa kombolela, maana wenye mpira wa makaratasi watacheza chandimu hata barabarani.

Kazi ya kutengeneza uwanja haitishi. Ardhi ya Songea ni nyekundu na mvua ya Desemba hadi Aprili huichimba vibaya. Mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa uwanja unatangulia kila kitu, kisha ukoka upandwe mvua ikingali inanyesha. Magoli hutengenezwa kwa miti ya mikaratusi, matairi chakavu yakafukiwa nusu kwa ajili ya kuruka, miembe ikaleta kivuli. Mtoto wa kiti cha magurudumu apate njia iliyoshindiliwa. Wazazi wenye majembe na fyekeo wanaweza kufanya sehemu kubwa ya haya kwa msaragambo.

Kisha mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli katika ugawaji wake. Kamati ya shule ipeleke ombi huko, eneo la michezo litengwe, lipimwe, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wenye sahihi za mwenyekiti na mtendaji.