Hali ya Hewa Kisumu Mwezi kwa Mwezi: Jua Linachoma Lini, Mvua Inashuka Lini

Msee wa Nairobi akishuka Kisumu mwezi wa saba na jaketi nzito, kufika saa sita mchana anatafuta kivuli. Hali ya hewa ya Kisumu haifuati kalenda ya Kanairo. Mji uko karibu kabisa na Ikweta, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo joto halibadiliki sana: mchana nyuzi 28 hadi 31, usiku 16 hadi 19. Kinachobadilika ni mvua. Kwa mwaka hunyesha kama milimita 1,300, na hakuna mwezi mkavu kabisa.

Rada ya mwaka mzima ndio hii:

Januari na Februari: Jua halina huruma, mchana linapiga nyuzi 30 na zaidi. Mvua ni kidogo, lakini usishangae ikikupata jioni.

Machi hadi Mei: Mvua ndefu. Aprili ndio kilele, na kawaida huwa inapita milimita 150. Ukiwa na harusi ya nje, tafuta tenti mapema.

Juni hadi Septemba: Nairobi watu wanatetemeka, Kisumu bado uko na shati. Usiku unapoa kidogo, hasa Julai. Mvua inapungua ila haiishi.

Oktoba hadi Desemba: Joto linarudi, halafu mvua fupi zinaingia, hasa Novemba. Miaka ya El Niño, kama 1997 na 2023, zinaweza kuzidi kipimo.

Mbona mvua hupenda jioni?

Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, kwa hivyo upepo unatoka ziwani kuingia bara. Ukifika milima ya Nandi na vilima vya Nyakach unapanda, unapoa, na mawingu yanajengeka. Kuanzia saa tisa au kumi alasiri ngurumo zinaanza, na mara nyingi dhoruba inarudi kuelekea mjini. Usiku mambo yanageuka: upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba zinajengeka juu ya maji.

Hapo ndipo maisha ya watu yako hatarini. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wakiwa na taa, wakati ule ule upepo unaweza kubadilika ghafla. Boti ndogo bila jaketi za kuokoa maisha haina ubishi na mawimbi ya Ziwa Victoria. Kama una ndugu au beshte anayeingia maji, mwambie acheki utabiri kabla ya kutoka ufuoni.

Watu wa Kano nao wana shida yao. Mvua ikinyesha sana Nandi na Kericho, maji yanashuka na Mto Nyando mpaka Ahero na vijiji vya chini. Unaweza kuwa Kondele jua linawaka, na huko watu wanahamisha vitu. Ziwa lenyewe pia hupanda: Mei 2020 lilifika kiwango cha juu zaidi tangu miaka ya 1960, na maji yakaingia makao na biashara za ufuoni, Dunga ikiwemo.

Ukipanga siku yako, safari ya boti Dunga na mechi ya mtaa ziweke asubuhi. Kufua, fanya mapema ili nguo zikauke kabla ya saa tisa. Ukisikia ngurumo, toka majini na usisimame chini ya mti. Nduthi ikipata mvua kubwa, subiri ipungue, dakika chache haziui mtu.

Kumbuka, hizi ni hesabu za wastani. Kila mwezi Idara ya Hali ya Hewa Kenya hutoa utabiri wake, na ule wa siku ndio wa kufuata kabla hujaingia ziwani.