Mwendo na Kidatu: Historia Fupi ya Kupunguza Mwendo wa Muziki

Mwalimu wa kwaya katika vijiji vya Mlima Meru anapowaambia waimbaji wake, "Shusheni wimbo," maneno yake yaweza kuwa na maana tatu. Huenda anataka wimbo uimbwe polepole zaidi. Huenda anataka uanzie sauti ya chini zaidi. Au huenda anataka waimbaji wasipaze sauti mno. Zamani utata huo haukudhuru sana, kwani mwalimu aliweza kuonyesha alitakalo kwa mkono wake au kwa kuimba mwenyewe. Lakini siku hizi mwalimu huyo huyo aweza kuwa na programu ya kompyuta au ya simu ambayo hubadili kila moja kati ya mambo hayo matatu peke yake. Mashine imetenganisha yale ambayo usemi wetu ungali unayachanganya. Katika makala haya tunakusudia kueleza utengano huo ulivyotokea, na istilahi zinazofaa kuufuata.

Wilaya za Meru na Arusha zina sababu ya kulijali jambo hili. Makumira, karibu na Usa River, palikuwa na Chuo cha Theolojia cha Kilutheri. Hapo ndipo Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi mwaka 1966, alipotunga wimbo wa "Mfurahini, Haleluya", ambao baadaye uliimbwa katika nchi nyingi. Howard Olson, aliyefundisha chuoni hapo, alikusanya nyimbo zenye lahani za Kiafrika katika kitabu Tumshangilieni Mungu, kilichotoka mwaka 1968. Kuandika lahani kwa nota ni kazi ya sikio. Sauti hupita upesi kuliko kalamu, na mwandishi hana budi kurudia kipande kimoja mara nyingi.

Santuri zilileta nafuu, lakini nafuu yenye kasoro. Santuri ndogo za bendi za Afrika Mashariki zilizunguka mara 45 kwa dakika. Mpiga gitaa aliyetaka kuzifuata aliweza kuichezesha santuri kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi. Muziki ulipungua mwendo, naam, lakini pia uliteremka kwa karibu nusu toni tano: do ikasikika karibu na sol iliyo chini yake. Aliyekuwa na mashine ya tepu yenye miendo miwili aliweza kupunguza mwendo kwa nusu, na hapo do ya juu ikawa do ya chini, na sauti ya mwanamke ikafanana na ya mwanamume. Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, iliwawezesha watu kunasa nyimbo za redio nyumbani. Lakini kwa kuwa mashine zake kwa kawaida zilikuwa na mwendo mmoja tu, mwanafunzi alibaki kurudisha utepe nyuma na kusikiliza tena.

Dawa ilitoka kwa wanasayansi. Mwaka 1946 Dennis Gabor alieleza kwamba sauti yaweza kutazamwa kama mkusanyiko wa chembe fupi sana. Mwaka 1966, mwaka ule ule wa wimbo wa Kyamanywa, Flanagan na Golden wa Marekani walieleza njia ya kuchambua sauti na kuiunda upya kwa muda mrefu zaidi. Kwa ufupi, sauti hukatwa vipande vya sehemu ndogo za sekunde, kisha vipande hivyo hupangwa kwa kupishana katika muda mrefu zaidi. Mitetemo iliyomo ndani ya kila kipande haibadiliki, kwa hiyo do hubaki do. Kompyuta za kawaida zilipopata nguvu ya kutosha, kazi hiyo iliwafikia watu wote. Audacity, programu isiyolipiwa, ilitolewa mwaka 2000.

Basi, istilahi. Tunapendekeza *mwendo* kwa upesi au upole wa wimbo. *Kidatu* kwa ujuu na uchini wa sauti, neno ambalo wanaisimu wetu wamekwisha kulitumia na ambalo hutukumbusha vipandio vya ngazi. Na *ukubwa wa sauti* kwa nguvu yake. Tuseme *kupunguza mwendo*, *kushusha kidatu* na *kupunguza ukubwa wa sauti*. Kitenzi "kushusha" kisisimame peke yake.

Huenda msomaji akaona kwamba huku ni kuchagua maneno tu. Sivyo. Fikiri mtu aliyenasa wimbo wa jando wa mzee wa Kimeru, akaupunguza mwendo ili auandike, kisha akaandika juu ya kaseti: "Imeshushwa." Mzee akifariki, nani atajua kama hicho ndicho kidatu alichoimbia? Neno moja lisilo na mpaka laweza kuipoteza sauti ambayo mashine ilikuwa imeihifadhi. Walimu wa kwaya na wakusanyaji wa nyimbo wayajaribu maneno haya kazini, wapate kutuambia yapi yamekubalika midomoni mwa waimbaji.