Mwanahisabati wa Ng'ambo ya Ziwa

Nyalenda ni mtaa wa Kisumu ulio karibu na Ghuba ya Winam; Bukoba iko upande wa pili wa Ziwa Victoria. Huko Bukoba ndiko alikozaliwa Verdiana Masanja mwaka 1954. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, alipata shahada ya kwanza mwaka 1976 na ya uzamili mwaka 1981. Alichunguza mwendo wa viowevu ndani ya bomba la mviringo, hasa viowevu visivyotii kanuni ya mnato ya Newton. Mwaka 1986 alitunukiwa udaktari na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuupata katika hisabati.

Neno hili "wa kwanza" halina budi kupimwa. Lilikuja miaka 25 baada ya uhuru wa Tanganyika, na laeleza zaidi hali ya shule kuliko vipaji vya wasichana, wawe wa Bukoba au wa Nyalenda. Masanja hakukomea kwenye sifa hiyo. Alirudi kufundisha Dar es Salaam, akaandika juu ya uchache wa wanawake katika hisabati na sayansi, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda.