Shinikizo la Mti na Jiwe

Watu wengi hudhani ya kuwa jibini haiwezi kufanywa pasipo shinikizo la chuma lililonunuliwa mjini. Historia yatufundisha vingine.

Katika karne ya 1, Columella, mwandishi wa Dola ya Rumi, alieleza jinsi ya kugandisha maziwa, kuyatia katika vikapu, na kuweka uzito juu ili maji yatoke. Kisha jibini itiwe chumvi na kulemewa tena kwa uzito uliozidi. Mpango huo una maana: uzito mkubwa ukitangulia, ngozi ya jibini hujifunga, maji hubaki ndani, nayo huoza.

Mawe yakiwa machache, mti mmoja watosha. Ncha yake itiwe katika tundu la ukuta, upite juu ya kikapu, na jiwe litundikwe ncha ya pili. Jiwe likiwa mbali na ukuta mara 3 ya umbali wa jibini, kilo 5 hulemea kama kilo 15.

Basi, Ufipa tusishindwe. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, tanuru ndefu za udongo zilizovuta upepo zenyewe pasipo mivuba. Hawakungoja chombo cha dukani. Wakati wa mvua, maziwa yakizidi, yasimwagwe: kikapu, mti na jiwe tunavyo.