Hongo ya Maji: Ugogo Chini ya Dola Mbili

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, akiisha kuipita milima ya Usagara na kutua mizigo Mpwapwa, alikuwa na nyika moja mbele yake ambayo jina lake lilitosha kuwa onyo, nayo ni Marenga Mkali, mahali pasipo maji ya kunyweka. Na akiisha kuivuka nchi iliyofuata, alikabiliwa tena na pori la Mgunda Mkali, lenye kiu na kimya cha siku nyingi. Baina ya ukali wa huku na ukali wa kule ndipo ilipo Ugogo, nchi ya mibuyu na miiba, ya mtama, uwele na ng'ombe, yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, ambapo mara nyingi mvua hiyo haifiki milimita 600. Katika nchi ya namna hiyo kisima ndiyo raslimali, na mwenye kisima ndiye mwenye nchi.

Wageni waliopita hapo wametuachia maandishi mengi, na karibu yote yana lalamiko moja. Richard Burton, aliyepita pamoja na Speke mwaka 1857, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, wote wawili walichoshwa na hongo waliyodaiwa na watemi, hasa Magomba wa Kanyenye, ambaye jina lake linasomwa katika vitabu vya wote wawili: nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, na siku nzima za kujadiliana kabla ya ruhusa ya kuendelea. Kutokana na vitabu hivyo Wagogo walipata Ulaya sifa ya unyang'anyi, na sifa hiyo ilifika kabla ya bunduki. Mimi nasema sifa hiyo ilikuwa dhulma. Msafara wa watu mia kadhaa, pengine elfu, ukipiga kambi kisimani wakati wa kiangazi, humaliza kwa siku mbili maji ambayo wenyeji na mifugo yao wameyawekea akiba ya mwezi. Na Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, waliozoea njia hiyo, walilijua jambo hili, wakanung'unika, wakapunguziana, wakalipa. Neno hongo leo limeshuka daraja, nasi tunalitumia kwa maana ya rushwa. Walakini katika zama zile lilikuwa ushuru wa njia, wenye mwenyewe na wenye sababu yake.

Mtemi mwenyewe, ni lazima ifahamike, hakuwa mfalme wa jeshi na majumba. Kila nchi ndogo ya Ugogo ilikuwa na wake, naye alikuwa mlinzi wa mawe ya mvua, mwenye kutafuta mvua na kuiombea ardhi heri, na taadhima yake ilitokana na hayo kuliko kutokana na nguvu ya kuamrisha. Kwa hiyo dola ya Wajerumani ilipokuja ikitafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa niaba ya wote, haikumpata, na hali hiyo ikaiita fujo.

Barua ya himaya ya Kaisari wa Ujerumani ya Februari 1885 ilisimama juu ya mikataba ambayo Carl Peters aliikusanya mwishoni mwa 1884 katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami; Ugogo haikuwamo. Kampuni yake ikafungua kituo Mpwapwa, mlangoni pa Ugogo, na mwaka 1889 Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, akisukumwa kutoka huko na vita vile ambavyo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi, akakishambulia na kukiangamiza. Oktoba mwaka huo huo Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akafika na askari wake, wengi wao Wasudani na Wazulu, akajenga ngome. Na Desemba Bushiri akanyongwa Pangani.

Mwaka uliofuata Peters mwenyewe akapita Ugogo, akirudi kutoka Uganda na msafara mdogo wenye silaha kubwa. Alipodaiwa hongo alikataa. Mtemi Makenge, mtu mwenye ng'ombe na watu wengi, alijaribu kwanza kwa vita na kisha kwa maneno ya amani, na jibu la Peters lilikuwa risasi, moto katika vijiji, na ng'ombe waliosukumwa kwa makundi. Hayo hatukuyapata kwa adui yake. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu chake kwa fahari, kama mtu anayesimulia windo. Juni 1890 alikutana Mpwapwa na Emin Pasha, aliyekuwa sasa katika utumishi wa Wajerumani, na tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zikatia saini mkataba wa kugawana nchi hizi. Peters huyu huyu alifukuzwa kazi na serikali yake mwaka 1897 kwa ukatili alioutenda Kilimanjaro; lakini kwa habari ya vijiji vya Makenge hakuna aliyemwuliza.

Tena misiba haikuja mmoja mmoja. Sotoka ilipita ikiua ng'ombe, na kwa Mgogo kufa kwa ng'ombe ni kufa kwa mahari, kwa akiba ya njaa na kwa ujamaa wenyewe. Upande wa kusini Wahehe, ambao mashambulizi yao Ugogo ilikuwa imeyaonja kwa miaka mingi, waliliangamiza jeshi la Kijerumani la Zelewski pale Lugalo Agosti 1891, na vita vya mtemi wao Mkwawa vikaendelea hata 1898. Tukilikumbuka hilo tutaelewa kwa nini si kila mtemi aliyeliinamia boma alikuwa msaliti: mtu aliye baina ya moto wa aina mbili hutafuta kivuli popote.

Wajerumani wakajenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde la ufa, na hongo ikakoma. Kisha kwa amri ya 1897 ikaja kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote: dola iliyowaita watemi wanyang'anyi kwa kutoza wapitao, ilianza kuwatoza wakaao. Na nyumba yenyewe ni ipi? Tembe la Kigogo, lenye dari bapa ya udongo, huzunguka ua na kukusanya wake, wana na ndugu chini ya paa moja. Ikawa kuhesabu tu nyumba ni shauri la kuteta.

Wagogo hawakupigana vita kuu vya kuandikwa kwa herufi nzito. Walihamisha ng'ombe usiku, wakaficha nafaka, wakahamia nchi ya jirani askari walipokaribia. Na moto wa Maji Maji wa 1905 ulipowaka kusini na mashariki, Ugogo kwa sehemu kubwa haikuingia. Jirani zao wa Singida, Wanyaturu, bado wanamsimulia Liti Kidanka, mwanamke aliyewapinga Wajerumani na ambaye, kwa masimulizi yao, nyuki walikuwa jeshi lake. Mwaka 1910 reli ya kati ikafika Dodoma, na polepole utawala ukaihama Kilimatinde kuifuata.

Lakini pigo kubwa kuliko yote lilikuja bila uasi wowote. Vita vya 1914 vilipofika bara, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Aprili 1916 jeshi la upande wa Waingereza chini ya Van Deventer likaingia Kondoa Irangi, tarehe 29 Julai likaingia Dodoma, na Waingereza nao wakachukua yaliyobaki: ng'ombe, nafaka, wapagazi. Mvua ikakataa, na homa kali ya 1918 ikapita juu ya miili iliyokwisha dhoofu. Njaa hiyo Wagogo waliiita Mtunya. Kwa makadirio ya watawala wenyewe, katika wilaya ya Dodoma yenye watu kama 150,000 walikufa 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Hakuna adhabu ya kivita iliyopata kuua namna hiyo nchini humo, na hapakuwa na mwasi wa kuadhibiwa.

Waingereza wakaja na njia nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, alitaka nchi itawaliwe kwa mikono ya wenyeji wake, na sheria ya 1926 ikawapa watemi baraza, hazina na mshahara. Jambo lililokuwa la mvua likawa la karani. Mtemi Mazengo wa Mvumi, aliyekuja kuwa mkubwa wa watemi wote wa Wagogo, aliibeba kazi hiyo kwa heshima ambayo jina lake linayo hata leo. Lakini ukuu wa mtemi mmoja juu ya Ugogo yote ni kitu ambacho Magomba asingekijua. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikazifuta mamlaka za watemi nchi nzima.

Katika majalada ya boma hutapata majina ya visima, kwa kuwa aliyeandika hakuwa mwenye kiu. Majina hayo, na ya waliokufa katika Mtunya, yamo vinywani mwa wazee wa Mvumi, Bahi, Manyoni na Mpwapwa, na kila mwaka yanapungua. Msomaji uliye na babu au bibi katika nchi hiyo, nenda ukae naye, umwulize maji yalikuwa wapi na nani aliyalinda, uandike.