Kadi ama Prosesa? Jua Chenye Kinakwamisha Gemu Yako Kabla Utoe Ganji

Mashine nyingi za gemu mtaani ni ex-UK: zile Dell OptiPlex na HP za ofisi, mtu akaongeza GTX 1650 na mambo ikaiva. Shida inakuja gemu ikianza kukwama. Msee wa duka atakushow ununue kadi mpya ya grafiksi. Tulia kwanza, juu ukibadilisha kitu yenye haikuwa na shida, doh itaenda na gemu bado itakwama.

Pima hivi

Zima V-Sync na kikomo chochote cha fremu. Ingia kwa gemu, enda pale hukwama, uangalie fremu kwa sekunde. Kisha shusha resolusheni kutoka 1080p hadi 720p, urudi pale pale.

Fremu zikipanda sana, kadi ndio ilikuwa imelemewa. Zikikaa vile zilikuwa, prosesa ndio inavuta mambo nyuma, na kadi mpya haitakusaidia.

Task Manager pia inaweza kukuchocha. Prosesa inaweza kusoma asilimia 50 na bado iwe imechoka, kwa sababu gemu nyingi huegemea kiini kimoja ama viwili. Cheki kila kiini kivyake. Kadi ikisoma 95 hadi 100, usishtuke, hiyo ni kazi yake.

Wakati wa kubadilisha kadi

GTX 1650 ilitoka 2019 ikiwa na memori ya 4GB. Valorant na GTA V bado inabeba poa. Kwa gemu mpya, shusha setingi kwanza. Lakini kuna ukuta: Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinataka kadi yenye ray tracing ndani yake. Hapo hakuna setingi ya kukuokoa.

Usisahau umeme. GTX 1650 hutumia wati 75 hivi, ndio maana inaingia mashine za ofisi bila stori. RTX 3060 inakula 170, na Nvidia wanapendekeza pawa saplai ya wati 550. Nyingi za OptiPlex hazifiki 300. Kwa hivyo piga hesabu ya kadi pamoja na pawa saplai, na upime kama kasha lina nafasi.

Wakati wa kubadilisha prosesa

Angalia bodi yako kwanza. Kama ni AMD ya soketi ya AM4, una bahati: bodi nyingi zilizoanza na Ryzen za 2017 hubeba hadi Ryzen 5000 ukisasisha BIOS. Kama ni OptiPlex 9020 yenye i5-4590, i7-4790 inaingia hapo hapo, lakini huo ndio mwisho wa barabara. Ukitaka zaidi, unanunua bodi, RAM na prosesa kwa mpigo. Afadhali uanze mashine nyingine.

Kabla ya yote

Kama una kijiti kimoja cha RAM ya 8GB, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Ni rahisi kuliko prosesa ama kadi, na mara nyingi kukwama kunapungua.

Na kama skrini yako ni ya 60Hz na tayari unapata fremu 60 bila kushuka, wekelea hiyo ganji kwa tokeni za stima.