Ukingo Uliopotea: Nafasi ya Picha ya Kifua katika Uchunguzi wa Kifua Kikuu jijini Dar es Salaam, 1977–2021

1.0 Utangulizi

Kifua cha binadamu kina kina, lakini picha ya eksirei ni bapa. Mbavu, moyo, mishipa ya damu, mapafu na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, vyote huonekana katika picha moja kama vivuli vilivyopandana. Msomaji wa picha hiyo hukabiliwa na maswali mawili tofauti: kivuli hiki kiko mahali gani, na kimesababishwa na ugonjwa gani? Hoja kuu ya insha hii ni kwamba historia ya picha ya kifua katika vita dhidi ya kifua kikuu jijini Dar es Salaam, hususani katika maeneo ya Kinondoni na Temeke, imetawaliwa na swali la pili, ilhali picha hiyo hujibu vizuri zaidi lile la kwanza. Ilipunguziwa hadhi kwa kushindwa kuutaja ugonjwa. Iliporudi, ilirudi kama chujio la kutenganisha wa kupimwa na wasiopimwa. Katika vipindi vyote viwili, maarifa ya kutambua mahali pa kivuli yalibaki pembezoni mwa sera, ingawa mgonjwa aliendelea kuyahitaji.

2.0 Kanuni ya ukingo uliopotea

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mnamo Novemba 1895. Kwa miongo kadhaa iliyofuata, njia ya kawaida ya kujua kina cha kivuli ilikuwa kupiga picha ya pili ya ubavuni. Mwaka 1950, Benjamin Felson na Henry Felson wa Cincinnati, Marekani, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba picha moja ya mbele hubeba habari za kina kuliko ilivyodhaniwa. Walikuwa wakiendeleza jambo ambalo H. Kennon Dunham alikwisha kuligusia katika miaka ya 1930. Kanuni yao inajulikana kama ishara ya silueti; hapa itaitwa ishara ya ukingo uliopotea, kwa kuwa kinachosomwa ni mstari uliopaswa kuwapo na haupo.

Ukingo wa moyo huonekana katika picha kwa sababu moyo, uliojaa damu, umepakana na pafu lililojaa hewa. Mionzi hupita kwa wepesi katika hewa na kwa uzito katika damu, na tofauti hiyo ndiyo inayochora mstari. Sehemu ya pafu inayogusana na moyo ikijaa maji au usaha, tofauti hutoweka na mstari hufutika. Ni sawa na madimbwi mawili ya mvua: kila moja lina ukingo wake maadamu kuna ardhi kavu kati yao, lakini yakikutana hakuna awezaye kuonyesha moja linapoishia. Kivuli kilicho mbele au nyuma ya moyo bila kuugusa hupandana nao tu, na ukingo wa moyo huendelea kuonekana ndani yake.

Kutokana na kanuni hiyo, msomaji anaweza kutambua mahali kwa picha moja. Moyo uko upande wa mbele wa kifua. Ukingo wake wa kulia ukifutika, tatizo hutafutwa katika sehemu ya kati ya pafu la kulia. Ukingo wa kushoto ukifutika, hutafutwa katika kijisehemu cha pafu la kushoto kinachofanana na ulimi. Kivuli kikiupanda moyo bila kuufuta, lakini kikaufuta mstari wa kiwambo, kiko katika sehemu ya chini ya pafu, iliyo nyuma zaidi. Vivyo hivyo, mishipa mikubwa ya shina la pafu ikionekana waziwazi kupitia kivuli cha uvimbe, uvimbe huo hauko penye shina lenyewe, bali mbele au nyuma yake. Maarifa haya hayahitaji mtambo mpya wala picha ya ziada. Yanahitaji msomaji aliyefundishwa kukagua kila ukingo kabla ya kukitazama kivuli.

3.0 Picha kuwekwa kando

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977. Kwa ushauri wa Karel Styblo na shirikisho la kimataifa la kupambana na kifua kikuu, Tanzania ilijenga utaratibu ambao baadaye ulikuwa miongoni mwa vielelezo vya mkakati wa DOTS uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Msingi wake wa uchunguzi ulikuwa hadubini na makohozi, wala si eksirei.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu za kisayansi. Tafiti zilizofanywa Marekani katika miaka ya 1940, zikiwamo za L. H. Garland na Jacob Yerushalmy, zilikuwa zimeonyesha kwamba wasomaji wenye uzoefu walitofautiana wao kwa wao, na hata msomaji mmoja alijipinga alipopewa picha ileile mara ya pili. Aidha, kivuli cha kifua kikuu kinaweza kufanana na cha nimonia, saratani au kovu la zamani. Hadubini ilikuwa nafuu, haikuhitaji filamu wala dawa za kuisafishia, na ilimtambua mgonjwa mwenye uwezekano mkubwa wa kuambukiza wengine. Kwa taifa lenye zahanati nyingi na mitambo michache, hoja hiyo ilikuwa na nguvu.

Hata hivyo, hoja hiyo ilijibu swali la ugonjwa pekee. Tofauti za wasomaji zilichukuliwa kuwa udhaifu wa picha, ilhali kwa sehemu zilihusu pia mafunzo ya msomaji. Kifua kikuu cha kawaida cha mtu mzima hupenda sehemu za juu za mapafu, karibu na mitulinga na mbali na moyo. Huko, kivuli huonekana bila hesabu ngumu ya kingo. Maadamu ugonjwa ulibaki katika umbo hilo, pengo la maarifa ya mahali halikujitokeza wazi.

4.0 VVU na kuhama kwa kivuli

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, Dar es Salaam ilibeba mzigo mkubwa wa magonjwa yote mawili. Kwa muda mrefu jiji hilo limetoa takriban humusi ya wagonjwa wote wa kifua kikuu wanaoripotiwa nchini. Hospitali za Mwananyamala upande wa Kinondoni, Temeke, na Amana upande wa Ilala ndizo zilizopokea wakazi wa vitongoji vilivyosongamana kama Tandale, Manzese, Tandika na Mbagala kabla ya kuwapeleka Muhimbili waliohitaji rufaa.

VVU vilibadili mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, mashimo katika mapafu huwa machache, na makohozi mara nyingi hayaonyeshi vimelea chini ya hadubini. Pili, kivuli huhama: huonekana katika sehemu za kati na za chini za mapafu, au kama tezi zilizovimba kwenye shina la pafu. Kwa maneno mengine, kipimo kikuu kilipungukiwa nguvu wakati uleule ambapo ugonjwa ulihamia penye moyo na kiwambo, mahali ambapo kivuli hafifu hutambulika hasa kwa ukingo uliofutika.

Picha nayo ilikuwa na mipaka yake. Utafiti wa DarDar, uliofanywa jijini na wataalamu wa Muhimbili pamoja na wa Dartmouth, ulibaini kifua kikuu kwa watu wenye VVU ambao hawakuwa na dalili. Ripoti zake za mwaka 2005 na 2008 zilionyesha kwamba baadhi ya waliothibitishwa kwa kuotesha vimelea walikuwa na picha ya kifua isiyo na kasoro. Kwa hiyo picha safi haikuwa hati ya afya, kama ambavyo makohozi yasiyo na vimelea hayakuwa hati hiyo.

5.0 Picha kama chujio

Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 uliirudisha picha katika sera. Watu wazima waliulizwa dalili na kupigwa picha ya kifua. Aliyekuwa na kasoro katika mojawapo alitoa makohozi. Utaratibu wa aina hiyo umeonyesha, katika nchi nyingi za Asia na Afrika, kwamba takriban nusu ya wanaothibitishwa hawakutaja dalili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome picha za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kwa ajili ya uchujaji. Tanzania ilishiriki mapema katika kuzijaribu; utafiti uliotumia picha za wagonjwa wa Bagamoyo ulichapishwa mwaka 2014.

Programu hizo hutoa namba ya uwezekano, na nyingi hupaka rangi eneo linalotiliwa shaka. Rangi huonyesha juu na chini, kulia na kushoto. Kina hakimo katika rangi. Hutambulika kwa ukingo uliobaki na ule uliofutika. Kwa mgonjwa aliyechujwa, kisha kipimo cha makohozi kikakosa kuthibitisha kifua kikuu, swali la mahali ndilo linaloamua hatua inayofuata. Sehemu ya kati ya pafu iliyosinyaa huenda imebanwa na tezi au saratani, na kumwanzishia dawa za kifua kikuu bila kuuliza hivyo kunaweza kumpotezea miezi asiyonayo.

6.0 Hitimisho

Sera ya 1977 haikukosea ilipokataa kuuthibitisha ugonjwa kwa kivuli. Ilichoacha ni dhana kwamba kisichoweza kutaja ugonjwa hakina la kusema. Dhana hiyo ingalipo pale picha inapogeuzwa kuwa namba. Mafunzo ya kukagua kingo za moyo, kiwambo na aota ni ya gharama ndogo, na yanatumika hata pale ambapo picha ya pili haipatikani. Iwapo kompyuta itabeba kazi ya kuchuja, daktari wa Temeke au Mwananyamala anapaswa kupewa nafasi ya kuandika katika jalada la mgonjwa jambo ambalo namba haisemi: ukingo upi umepotea, na kwa hiyo ugonjwa utafutwe wapi.